Uthibitisho wa uraia kabla ya kujiandikisha kupiga kura: Wamarekani wanabishania nini hasa?

#1 Mwana wa Tudor
Wakuu, salaam. Nimekuwa nikifuatilia mvutano wa Marekani kuhusu muswada uitwao SAVE, ambao unamtaka kila anayejiandikisha kupiga kura katika uchaguzi wa kitaifa aonyeshe hati inayothibitisha kwamba yeye ni raia, na kwa kweli sioni kelele zinatoka wapi. Hapa Kenya ukifika kwa makarani wa IEBC, tume yetu ya uchaguzi, bila kitambulisho cha taifa wala pasipoti unarudi nyumbani, na sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba ameporwa haki. Muswada huo ulipita katika Baraza la Wawakilishi mwezi wa Aprili 2025 kwa kura 220 dhidi ya 208, kisha ukaenda kukwama Seneti, ambako huhitaji kura 60 ili mjadala ufungwe. Nchi hiyo ambayo kila siku inatupa darasa la demokrasia inawezaje kumwandikisha mtu kwa kuliamini neno lake tu? Mlioko huko tuelezeni.

#2 Nuru ya Columbus
Salaam, ndugu yangu. Si neno tupu. Tangu sheria ya mwaka 1993, fomu ya kujiandikisha inamtaka mtu athibitishe kwa saini kwamba ni raia, na akidanganya anashtakiwa kwa kiapo cha uongo. Sheria ya mwaka 2002 ikaongeza kwamba lazima atoe namba ya leseni ya udereva au tarakimu nne za mwisho za namba yake ya hifadhi ya jamii, ili ofisi iweze kuzilinganisha na kumbukumbu zilizopo. Asiye raia akipiga kura katika uchaguzi wa kitaifa anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja na kufukuzwa nchini, na aliyejidai kuwa raia wakati si raia hufungiwa mlango wa uraia, mara nyingi moja kwa moja.

Nilipokuwa bado na grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu bila uraia, karani wa ofisi ya leseni aliniuliza kama ningependa kujiandikisha kupiga kura. Aliuliza kwa mazoea, bila hata kuinua macho kutoka kwenye kompyuta yake, na mimi nikasema hapana kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia. Kila mhamiaji ninayemfahamu ana hofu hiyo. Nani atahatarisha miaka yote aliyoishi hapa kwa ajili ya kura moja?

#3 Mpinga Porojo
Dada Nuru, hofu yako ni ushahidi kwamba wewe ni mtu mwadilifu, lakini sheria hazitungwi kwa ajili ya waadilifu. Oktoba 2024 mwanafunzi mmoja kutoka China alijiandikisha kule Ann Arbor, Michigan, kwa kitambulisho cha chuo na saini yake, akapiga kura ya mapema siku hiyo hiyo, kisha akawasiliana mwenyewe na ofisi ya uchaguzi kuomba karatasi yake irudishwe. Haikuwezekana, kwa sababu ikishaingia kwenye mashine haijulikani tena ni ya nani. Kule Iowa, afisa anayesimamia uchaguzi alitangaza kwamba watu 35 wasio raia walipiga kura katika uchaguzi huo wa 2024. Kura ya maoni ya Gallup ya Oktoba 2024 ilionyesha kwamba asilimia 83 ya Wamarekani wanaunga mkono uthibitisho wa uraia kwa anayejiandikisha mara ya kwanza. Tena sasa wengi wana leseni ya REAL ID, ile inayofuata kanuni za serikali kuu na kutumika kupandia ndege za ndani, kwa hiyo hati wanayo tayari mfukoni. Ugumu uko wapi?

#4 Wakili Asiye na Joho
Turekebishe hilo la REAL ID kabla halijasambaa. Leseni hiyo inaonyesha kwamba mwenye nayo yupo nchini kihalali, basi. Mwenye grini kadi anaipata, na hata mwenye viza ya masomo anaipata. Leseni zinazoonyesha uraia ni zile maalumu zinazotolewa na majimbo matano tu ya mpakani na Kanada: Michigan, Minnesota, New York, Vermont na Washington. Muswada unazungumzia REAL ID inayoonyesha kwamba mhusika ni raia, na Wamarekani walio wengi hawana kitu cha namna hiyo.

Ama kuhusu ugumu, jambo hili halihitaji kukisiwa, kwa sababu jimbo la Kansas lililitekeleza kuanzia mwaka 2013. Zaidi ya watu 31,000 walizuiwa kujiandikisha, yaani takriban asilimia 12 ya waliojaribu. Kesi ilipofika mahakamani mwaka 2018, aliyekuwa Katibu wa Jimbo, yaani afisa anayesimamia uchaguzi wa jimbo, Kris Kobach, alijitetea mwenyewe mahakamani na kudai kwamba wageni 39 waliokuwa wamepatikana katika daftari kwa kipindi cha karibu miaka 20 walikuwa ncha tu ya mlima wa barafu. Jaji Julie Robinson akaandika kwamba mlima haupo. Kilichopo ni mchirizi mdogo wa barafu, uliotokana zaidi na mkanganyiko na makosa ya kiofisi. Tena akamwamuru Kobach aende darasani kuongeza saa sita za masomo ya sheria. Mahakama ya Rufaa ilikubaliana na jaji huyo mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ikakataa kulipokea shauri hilo.

#5 Shangazi Makini
Kwa hiyo Mpinga Porojo katuletea ya REAL ID. Jina nalo abadilishe.

#6 Mpinga Porojo
Shangazi, jina langu nimelilipia mbuzi, silibadilishi. Turudi kwenye mada. Hao 39 wa Kansas ni waliogunduliwa. Ikiwa mfumo haumuulizi mtu hati, utamjuaje asiye nayo? Mwanafunzi wa Michigan alijulikana kwa sababu alijitangaza. Wakili anatumia idadi ya waliokamatwa kana kwamba ndiyo idadi ya waliopo, na hilo hakuna mwanasheria makini atakayelikubali mahakamani.

#7 Wakili Asiye na Joho
Georgia walitafuta kwa makusudi. Mwaka 2024 Katibu wa Jimbo, Brad Raffensperger, ambaye ni wa chama cha Republican, alilipitia daftari lote la watu milioni 8.2 akakuta wasio raia 20. Sasa tuambie ni ukaguzi wa namna gani utakaokuridhisha.

#8 Mtoto wa Nyarugusu
Naomba niongeze jambo ambalo halijaguswa. Sisi tulitoka Congo, Fizi, tukaishi kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, kisha tukaletwa Iowa. Katika makaratasi yetu sote tumezaliwa tarehe 1 Januari, wazazi, watoto na majirani, kwa sababu aliyekuwa akijaza fomu alihitaji tarehe na sisi hatukuwa na cheti. Baba alipata uraia wa tajnisi, akala kiapo, akapewa cheti chenye picha yake, saini yake na onyo kwamba kukinakili bila kibali ni kosa. Wadogo zangu wawili walikuwa chini ya miaka 18 na wana grini kadi, hivyo kwa sheria wakawa raia palepale baba aliposhusha mkono wake wa kuume. Hakuna aliyewapa karatasi yoyote.

Mmoja wao sasa ametimiza miaka 18. Ni raia kamili, lakini akiulizwa hati, hana. Grini kadi yake imekwisha muda, na hata ingekuwa hai ingesema kwamba yeye si raia. Kuomba cheti chake mwenyewe cha uraia ni zaidi ya dola 1,300. Pasipoti ni nafuu, dola 165 kwa mtu mzima anayeomba mara ya kwanza, lakini ili aipate lazima apeleke cheti cha baba, grini kadi yake na hati ya kuonyesha kwamba yeye ni mtoto wa huyo baba. Na cheti cha kuzaliwa kilichokuja kutolewa kambini kimeandikwa jina la baba kwa herufi tofauti na lile la kwenye cheti cha uraia: kimoja kina L, kingine kina R. Sisi wenyewe hatukuwahi kuona kwamba ni tofauti.

Sisemi sheria ni mbaya. Naeleza tu mahali inapomkuta mtu.

#9 Karani Mstaafu
Asante, kijana wa Nyarugusu, nimekusoma mara mbili. Mimi ni wa Kigoma pia, na nimewahi kukaa nyuma ya meza ya uandikishaji.

Mwanzilishi wa uzi anasema hili kwetu ni kawaida. Kwenu Kenya, sawa. Tanzania Bara utaratibu ni mwingine. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura halikujengwa juu ya sharti la kitambulisho cha taifa; mtu anafika, anatoa maelezo yake, anapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, huku mawakala wa vyama wakishuhudia. Baadaye daftari la awali hubandikwa hadharani, na anayeona kwamba fulani si raia anaweka pingamizi. Yaani kwanza tunamwamini mtu, kisha tunawaachia majirani nafasi ya kupinga. Hata kadi ya mpiga kura yenyewe imekuwa ikitumika kama kitambulisho benki na kwingineko, na kwa baadhi ya watu ndiyo hati ya kwanza maishani mwao.

Kigoma jambo hili ni zito, kwa sababu Mha wa huku na Mrundi wa ng'ambo wanasikilizana bila mkalimani, na mwaka 2014 serikali iliwapa uraia wa tajnisi wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 wapatao 162,000. Niliwahi kupokea pingamizi dhidi ya bibi mmoja ambaye watoto wake walisoma na wa kwangu. Aliyeweka pingamizi hakutokea kulitetea. Bibi alikuja akiwa amebeba mfuko wa plastiki uliojaa karatasi: risiti za mchango wa shule, kadi ya kliniki, kadi ya chama ya marehemu mumewe. Akazipanga mezani moja moja mbele ya watu. Tulimbakiza katika daftari, ila sikufurahia kumtazama akifanya vile.

#10 Mzenji
Na Visiwani tuko upande wa pili kabisa, mzee Karani. Kwa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar hujiandikishi bila Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na safari ya kukipata hupitia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Kila uchaguzi vyama vya upinzani hulalamika kwamba kuna Wazanzibari waliokosa kitambulisho na hivyo wakakosa kura. Kwa hiyo anayedhibiti hati anadhibiti daftari, na mabishano yanahama kutoka kituoni kwenda ofisi nyingine ambako hakuna wakala wa chama aliyekaa kuangalia. Wamarekani wajiulize hilo kwanza.

#11 Mjukuu wa Mmakonde
Mwana wa Tudor, hujawahi kusikia mtu akilalamika? Panda feri ya Likoni uje Kwale. Babu zetu waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, sisi tukazaliwa hapa, tukasoma hapa, na kwa miongo mingi hatukuandikishwa kuwa Wakenya. Bila kitambulisho hakuna kura, hakuna akaunti ya benki, na hata laini ya simu unaiomba kwa jina la mtu mwingine. Mwaka 2016 wazee wetu walianza safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, na vitambulisho vikaanza kutolewa mwaka 2017, kabla ya uchaguzi wa Agosti. Washona wakafuata, na baada yao Wapemba. Wasomali wa Kaskazini Mashariki na Wanubi wa Kibera waliitwa mbele ya kamati za uhakiki kuulizwa maswali ambayo Mkikuyu wa Nyeri haulizwi, mpaka mwaka 2025 Rais Ruto alipotangaza kuufuta utaratibu huo.

Hukusikia malalamiko kwa sababu waliokosa haki hiyo hawakuwamo kwenye foleni uliyosimama wewe.

#12 Mwana wa Tudor
Kaka, hayo nayakubali, na historia ya Wamakonde naijua. Lakini kosa lilikuwa katika kutoa vitambulisho, si katika kuvidai kituoni. Serikali ilipotoa vitambulisho, sharti liliendelea kuwapo na hakuna aliyeumia. Kwa nini Marekani isifanye hivyo hivyo: iwape raia wote kitambulisho bila malipo, kisha ikidai?

#13 Karani Mstaafu
Kwa sababu hawana kitambulisho cha taifa na wengi wao hawakitaki. Vyeti vya kuzaliwa hutolewa na majimbo na kaunti, leseni hutolewa na majimbo, pasipoti hutolewa na serikali kuu na karibu nusu ya wananchi hawana. Kwao kuandikwa katika orodha moja ya taifa ni jambo linaloogopwa na mrengo wa kulia na wa kushoto kwa sababu tofauti. Ndiyo maana mzigo wa kukusanya hati unabaki kwa mwananchi mmoja mmoja, jambo ambalo mwanzilishi wa uzi hakulihesabu.

#14 Nuru ya Columbus
Na hata kumbukumbu walizo nazo zinachelewa. Mhamiaji huchukua leseni akiwa na grini kadi, kisha miaka miwili baadaye anaapishwa kuwa raia, lakini ofisi ya leseni haiambiwi, hivyo katika mashine yao anaendelea kuwa mgeni mpaka leseni iishe muda. Januari 2019 jimbo la Texas lilitangaza kwamba limegundua takriban wasio raia 95,000 katika daftari. Haikuchukua muda ikabainika kwamba makumi ya maelfu kati yao walikuwa raia wa tajnisi. Katibu wa Jimbo aliyelitangaza, David Whitley, aliondoka ofisini mwaka huo huo.

Shemeji yangu alikuwa mmoja wa waliopelekewa barua na ofisi ya kaunti yao: thibitisha uraia ndani ya siku 30 au utaondolewa. Alikwenda na cheti chake, wakakinakili licha ya lile onyo ambalo kijana wa Nyarugusu amelitaja, wakamwambia samahani. Mpaka leo hubeba pasipoti siku ya kupiga kura ingawa haitakiwi.

#15 Shangazi Makini
Kuna kundi jingine, nalo ni kubwa kuliko wahamiaji: wanawake walioolewa. Kule kwao karibu wanane kati ya kumi huchukua jina la mume, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na leseni inasema vile. Sisi wanawake wa Pwani tunabaki binti fulani hata tukiolewa mara tatu. Kumbe mama zetu walikuwa wameshajiandaa kwa muswada huu.

#16 Wakili Asiye na Joho
Shangazi anatania lakini jambo lenyewe limeshatokea. New Hampshire ilianza kudai hati za uraia baada ya uchaguzi wa 2024, na katika chaguzi za miji za Machi 2025 watu walirudishwa nyumbani, wakiwamo wanawake waliotakiwa kuleta cheti cha ndoa ili kuunganisha majina mawili. Muswada wa SAVE unayaachia majimbo yaweke utaratibu wa kutatua tofauti kama hizo, ila pia unaweka adhabu ya jinai kwa afisa atakayemwandikisha mtu bila hati. Mzee Karani, ungekuwa wewe uko mezani, unajua ukikosea unashtakiwa, ungeamuaje kuhusu L na R?

#17 Karani Mstaafu
Ningemrudisha. Karani yeyote mwenye watoto angemrudisha.

#18 Mpinga Porojo
Sasa tunaelekea kusema kwamba kwa kuwa hati zina kasoro, tusiulize kabisa. Mbona hati hizo hizo zinatumika kumpa mtu kazi na pasipoti? Mimi nadhani suala kubwa ni imani. Hata kama wasio raia wanaopiga kura ni wachache kama Wakili anavyosema, mwananchi asipoliamini daftari hataamini matokeo, na nchi isiyoamini matokeo tunajua inakoelekea. Kenya ya 2007 hatukuisoma vitabuni.

#19 Mzenji
Imani hiyo imeharibiwa na nani lakini? Ukimwambia mtu kila siku kwamba kisima kina sumu, kisha ukamuuzia chujio, wewe ni daktari au mfanyabiashara?

#20 Mpinga Porojo
Asilimia 83 ya Wamarekani wote wameuziwa chujio? Wamo na wafuasi wa Democratic.

#21 Wakili Asiye na Joho
Swali la Gallup lilikuwa la jumla. Mtu anaweza kukubali kanuni, kisha akabadilika anapoambiwa kwamba mama yake anayejiandikisha kwa posta atalazimika kwenda mwenyewe ofisini na hati mkononi. Isitoshe, haijulikani hata sheria hii ingemnufaisha nani kisiasa. West Virginia na Mississippi, ambayo ni majimbo ya Republican, yako nyuma sana kwa idadi ya wenye pasipoti, na wanawake wanaobadilisha jina wapo zaidi upande wa wahafidhina.

#22 Mwana wa Tudor
Swali la pembeni: ni kweli kwamba wageni waliwahi kupiga kura huko kihalali?

#23 Nuru ya Columbus
Ni kweli. Karne ya 19 majimbo mengi yaliwaruhusu wahamiaji waliotangaza nia ya kuwa raia, na Arkansas ndiyo ilikuwa ya mwisho kuacha, mwaka 1926. Hata sasa kuna miji midogo, kwa mfano Takoma Park huko Maryland tangu mwaka 1992, inayowaruhusu katika chaguzi za mji tu. Muswada unahusu chaguzi za kitaifa.

#24 Mpinga Porojo
Naona Wakili ameitaja Kansas lakini Arizona ameiruka, wakati wao wanadai hati tangu sheria iliyopitishwa na wapiga kura mwaka 2004.

#25 Wakili Asiye na Joho
Siikimbii Arizona. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji saba dhidi ya wawili kwamba jimbo halina budi kuipokea fomu ya kitaifa hata bila hati, na aliyeiandika hukumu hiyo ni Antonin Scalia, ambaye hakuna aliyemwita mliberali. Tangu hapo kuna wapiga kura wanaopewa karatasi ya nafasi za kitaifa tu, bila gavana wala mbunge wa jimbo. Kisha mwaka 2024 ikagundulika kwamba mfumo wa leseni uliwahesabu watu wapatao 98,000 kuwa wameonyesha hati ilhali leseni zao zilitolewa kabla ya Oktoba 1996, wakati hati haikuwa ikidaiwa. Baadaye hesabu ikapanda hadi karibu 218,000. Wengi wao wameishi huko miongo kadhaa. Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua wale 98,000 wapigie kura nafasi zote.

#26 Mpinga Porojo
Yaani miaka 20 sharti lipo na bado ofisi ikawapitisha watu laki mbili bila kuwakagua. Kwangu hiyo ni sababu ya kuukaza mfumo.

#27 Mjukuu wa Mmakonde
Ofisi ikikosea, anayetafutwa alete karatasi ni raia. Wewe unaona sababu ya kukaza, mimi namwona bibi wa Kigoma na mfuko wake.

#28 Mtoto wa Nyarugusu
Samahani wakuu, kabla hamjaendelea: kuna anayejua kama ofisi ya pasipoti inakubali kiapo cha mzazi kueleza tofauti ya herufi katika jina, au ni lazima cheti kirekebishwe kwanza?

#29 Nuru ya Columbus
Nitumie ujumbe wa faragha, mdogo wangu. Usianze kurekebisha cheti cha baba, huko ni zaidi ya dola 500 na unasubiri muda mrefu bila chochote mkononi. Anzeni na kiapo, na mwambie mdogo wako apeleke pia rekodi za shule.